Fungu la dodo na kabichi ya wageni

Jumamosi asubuhi, katika soko la Busia upande wetu wa Uganda, nilinunua fungu la dodo kwa shilingi 1,000. Hatua chache mbele palikuwa na rundo la kabichi zilizoshushwa usiku kutoka miteremko ya Mlima Elgon, nikachagua moja ya shilingi 3,000. Mama muuzaji aliibonyeza kwa kidole gumba kuhakikisha imeshikana vizuri, akaipangusa kwa upindo wa leso yake, kisha akaniuliza, “Kastama, leo una wageni?”

Hakuwa ananidadisi. Ameuza mboga miaka mingi na anatujua: anayebeba dodo anakwenda kulisha watoto wake, anayebeba kabichi anangoja watu. Nyumbani kwetu ilikuwa hivyohivyo. Dodo ilichumwa nyuma ya jiko, haikununuliwa. Siku mjomba alipokuja kutoka Jinja, mmoja wetu alitumwa mbio kutafuta kabichi na nyama, na sufuria ya dodo iliyokuwa tayari mekoni ikafunikwa na kusogezwa pembeni mgeni asiione. Kabichi ni mboga ya harusi, ya hoteli, ya bweni. Dodo ni mboga ya mwisho wa mwezi.

Mimi naamini ngazi hii tumeisimamisha kichwa chini, na wanaoumia kwa kosa hilo ni watoto walio chini ya miaka mitano na mama zao. Lakini naamini pia kwamba wanaoisifia dodo siku hizi wanaisifia vibaya, wakiipa kazi isiyoiweza. Nitajaribu kuyasema yote mawili.

Kwanza tuelewane majina. Dodo ndiyo mchicha. Majirani zetu wa ng’ambo ya mpaka huuita pia terere. Waganda wana dodo ya kijani na ebbugga, ambayo majani yake yana wekundu, na zote ni za ukoo mmoja wa mchicha. Nakati ni kitu kingine, ndugu wa nyanya chungu, na leo simo katika habari zake.

Tuchukue gramu 100 za kila mboga, mbichi na iliyosafishwa, kama majedwali ya vyakula ya Idara ya Kilimo ya Marekani yanavyozipima. Nishati inakaribiana: kilokalori 23 kwa dodo, 25 kwa kabichi. Maji ni zaidi ya asilimia 90 kwa zote mbili. Mtu akiishia hapo atasema mboga ni mboga tu. Aendelee. Kalsiamu ya dodo ni miligramu 215, ya kabichi 40. Madini ya chuma ni miligramu 2.3 kwa 0.5. Potasiamu ni 611 kwa 170. Foleti, vitamini ambayo mjamzito anaihitaji mno katika majuma ya mwanzo wakati uti wa mgongo wa mtoto unajengwa, ni mikrogramu 85 kwa 43. Protini ni gramu 2.5 kwa 1.3. Vitamini C ndiyo inayokaribiana, miligramu 43 kwa 37. Kisha vitamini A: mikrogramu 146 kwa dodo, 5 kwa kabichi. Hapo kabichi haikuingia hata uwanjani.

Sababu ya pengo hili la vitamini A unaweza kuiona kwa macho. Kata kabichi katikati. Majani ya nje ni ya kijani, yanayofuata ni ya kijani kilichofifia, na ukifika ndani ni meupe kama karatasi. Majani yale ya ndani yalikua yamefungwa gizani. Beta-karotini, kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, hukaa ndani ya jani pamoja na ile rangi ya kijani, ikilisaidia kupokea mwanga na kujikinga mwanga unapozidi. Jani lisiloliona jua halijishughulishi kuitengeneza. Dodo haijifungi, kila jani lake limesimama juani tangu siku ya kwanza. Na yale majani mawili matatu ya nje ya kabichi, yaliyopata jua, muuzaji huyavua na kuyatupa chini ili kabichi ionekane safi. Nikiwa pale sokoni mbuzi wawili walikuwa wanayala.

Nchi yetu inalijua vizuri suala la vitamini A. Mara mbili kwa mwaka, Aprili na Oktoba, watoto wa kuanzia miezi sita hadi chini ya miaka mitano hupewa matone ya vitamini hiyo pamoja na dawa ya minyoo kwa wenye umri wa kuipata. Mwaka 2016 Mganda mwenzetu, Robert Mwanga, alikuwa mmoja wa wanasayansi wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani, yeye kwa kazi yake ya kuzalisha viazi vitamu vya rangi ya chungwa. Rangi ile ya chungwa ni beta-karotini. Dodo inayo rangi hiyohiyo, ila imefunikwa na kijani. Kweli, karotini ya kwenye jani haitoki kirahisi tumboni kama ya kwenye kiazi, kwa kuwa imefungiwa ndani ya nyuzi za jani, na hilo nitalirudia kwenye habari ya mapishi. Lakini kiazi cha rangi ya chungwa kimepata watetezi, mabango na mbegu zilizogawiwa vijijini. Dodo inaota yenyewe kando ya shimo la taka na hatuioni.

Sasa turudi jikoni, maana majedwali hupima mboga iliyokwisha kusafishwa, na nyumbani mambo huanza na kuchambua. Niliweka fungu langu kwenye mizani. Likiwa na mizizi na udongo wake lilikuwa gramu 620. Nilipomaliza kukata mizizi, kutoa mabua magumu na majani yaliyotobolewa na wadudu, zilibaki gramu 340. Kabichi ilikuwa kilo 1.9, na baada ya kuvua majani ya nje na kutoa lile bua gumu la katikati, ilibaki kilo 1.6. Kwa hiyo shilingi 1,000 ilininunulia gramu 340 za dodo, au gramu 530 hivi za kabichi.

Hapa ndipo akina mama wengi wanapofanyia hesabu yao, na hesabu yao ina akili. Dodo ilijaza sufuria hadi kifuniko kikawa kinaelea juu ya majani. Baada ya dakika nane ilikuwa imenywea chini kabisa, bakuli moja tu. Ukiwa na watu sita mezani na posho, yaani ugali, ya kilo moja na nusu, bakuli moja halizunguki. Kabichi nayo hunywea, lakini si hivyo. Inabaki na mwili, inatafunika, mtoto anaona amepata kitoweo. Anayekwambia mama huyu hajui lishe hajawahi kugawa chakula kwa watoto wanaotazama kijiko chako.

Lakini fanya hesabu ya pili kwa shilingi ileile. Dodo ya 1,000 ilikuwa na chuma karibu miligramu 8. Kabichi ya 1,000, miligramu 2.5. Kalsiamu ni 730 kwa 210. Vitamini A ni karibu mikrogramu 500 kwa dodo, na haifiki 30 kwa kabichi. Mahali pekee kabichi iliposhinda kwa shilingi ni vitamini C, miligramu 195 kwa 147, na ushindi huo si mdogo, nitaueleza. Bei za Busia si za Kampala, na dodo ya Februari wakati wa jua kali si ya Aprili mvua ikinyesha. Hata hivyo, fungu langu lingepanda bei mara mbili, bado kwa chuma, kalsiamu na vitamini A dodo ingeshinda.

Watoto wa miaka minne hadi minane wanahitaji kama mikrogramu 400 za vitamini A kwa siku. Gramu 100 za dodo iliyopikwa zinampa mtoto theluthi ya hizo. Kabichi iliyochemshwa inampa mikrogramu 4 tu. Mtoto anayekula posho, maharage na kabichi muhula mzima, bila embe, bila papai, bila yai, anaipata wapi?

Sitaki kuishia kwenye vitamini A, kwa sababu linalozungumzwa zaidi mitaani kuhusu dodo ni damu. Uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2016 ulikuta asilimia 53 ya watoto wetu wa miezi 6 hadi 59 wana upungufu wa damu, na asilimia 32 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49. Asilimia 29 ya walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Ukitaja takwimu hizi katika kikao chochote, mtu atasimama na kusema, basi wale dodo, dodo inaongeza damu. Wengine watasema ebbugga inazidi, kwa kuwa ni nyekundu na maji yake ni mekundu kama damu.

Wekundu wa ebbugga ni rangi ya jani, ya jamii moja na ile ya kiazi sukari chekundu. Hauna uhusiano na chuma. Na chuma cha mboga yoyote mwili hukipokea kwa shida, tofauti na kile cha nyama, maini au dagaa. Katika miligramu 2.3 za gramu 100 za dodo, mwili hushika sehemu ndogo tu, nyingine hupita. Dodo ina pia oksaleti, tindikali ya majani ile inayoacha ukakasi kwenye meno, nayo hushikamana na kalsiamu na kuizuia isinyonywe, kwa hiyo zile miligramu 215 zisikudanganye kwamba zote zinafika kwenye mifupa. Mjamzito anashauriwa kupata chuma miligramu 27 hivi kwa siku. Hakuna sahani ya dodo inayofika huko. Tena, damu ya watoto wetu haipungui kwa chakula peke yake. Malaria inaimaliza, minyoo inainyonya, selimundu inaivunja.

Nayasema haya nikiwa na uchungu nayo. Mtoto wa dada yangu alipata mimba yake ya kwanza mwaka juzi. Kliniki ilimpa vidonge vya chuma na foliki, vikamkoroga tumbo na kumfunga choo. Jirani, mama mwema anayetupenda, akamwambia aviache, ale dodo asubuhi na jioni. Akala. Aliifanya kwa bidii, maskini, kila siku kapu. Mimba ilipofika mwezi wa saba akaanza kuhema kwa kupanda ngazi tatu za nyumba, viganja vikawa vyeupe, na siku tuliyompeleka hospitali damu ilikuwa imeshuka kiasi cha kumlaza na kumwongezea. Yeye na mtoto wake wako salama. Lakini nilikaa kwenye benchi la wodi ile nikijiuliza ni wangapi wameambiwa maneno yaleyale. Mwenye vidonge avimeze. Vikimkoroga, arudi kliniki waangalie namna ya kuvitumia, avimeze pamoja na chakula, lakini asiviache. Dodo ikae sahanini kando ya vidonge.

Sasa mapishi, maana hapo ndipo nyumba nyingi zinapoteza walichonunua.

Dodo ioshwe ikiwa majani mazima, kisha ndiyo ikatwe. Ukikata kwanza, vitamini C na foleti huondoka na maji ya kuoshea. Ipikwe siku iliyonunuliwa. Jani lililonyauka hadi kesho yake limepoteza vitamini C nyingi, hata likirudishwa uhai kwa kunyunyiziwa maji kama wafanyavyo wauzaji. Isiwekwe magadi. Najua magadi hulainisha na kutunza ukijani, bibi zetu waliyatumia na sisi tukawafuata, lakini magadi huua vitamini C. Majani machanga ya dodo yanaiva kwa dakika chache, hayana haja ya kulainishwa.

Na mafuta. Beta-karotini haiyeyuki katika maji, inahitaji mafuta ili ipite utumboni. Dodo iliyochemshwa kwa chumvi tupu, ikawekwa juu ya posho tupu, inabaki na utajiri wake hadi inatoka mwilini. Kijiko cha mafuta kinatosha. Kilicho bora zaidi, kwa maoni yangu, ni karanga za kusaga, kama watu wa kaskazini wanavyozichanganya na mboga zao: zinatoa mafuta, zinaongeza protini, na lile bakuli moja linanenepa na kutosha watu sita. Tangu nianze kuipika hivi, hakuna nyumbani aliyeuliza kitoweo kiko wapi.

Chuma nacho kina rafiki na adui. Rafiki yake ni vitamini C: nyanya ndani ya sufuria, limau lililokamuliwa sahanini baada ya kuipua, kipande cha chungwa au papai baada ya kula. Adui yake ni chai. Tumezoea kushushia chakula kwa kikombe cha chai ya rangi au ya maziwa, na chai hushika chuma tumboni kabla mwili haujakipata. Saa moja ya kungoja inatosha. Kwa mjamzito na mtoto, saa hiyo ina faida kubwa.

Ni katika habari ya vitamini C ndipo ninapoiheshimu kabichi. Dodo hatuili mbichi. Kabichi tunaikata nyembamba kama nyuzi, na wauza rolex, ile chapati ya kukunjia mayai, wa mjini wanajua kazi hiyo kuliko wapishi wa hoteli: mayai mawili, nyanya, kitunguu, ngumi ya kabichi, chapati. Kabichi mbichi, iliyooshwa vizuri kwa maji safi, ikiwekwa kama kachumbari kando ya maharage, huleta vitamini C yake yote, na vitamini C hiyo husaidia mwili kupokea chuma cha maharage. Maharage ndiyo chuma kikuu cha watoto wa shule nchi hii. Kabichi ileile ikichemshwa nusu saa katika sufuria kubwa, maji yakamwagwa, unabaki na nyuzi zilizolainika. Tunainunua kwa bei ya heshima na kuipika kwa namna inayoinyang’anya kitu pekee inachoizidi dodo.

Wapo pia watu ambao kabichi ndiyo mboga yao. Aliyeambiwa na daktari kwamba figo zake zimechoka na apunguze potasiamu, kabichi inamfaa kuliko dodo. Aliyewahi kupata mawe ya figo ya oksaleti, vilevile, au kama anaipenda dodo aichemshe kwa maji mengi na kuyamwaga. Na kuna wale waliobadilishiwa vali za moyo, ambao wengi ni vijana walioharibiwa moyo na homa ya baridi yabisi utotoni, wanaomeza warfarini ili damu isigande. Vitamini K hupingana na dawa hiyo. Kabichi inayo mikrogramu 76 kwa gramu 100. Dodo inazidi 1,100. Mgonjwa huyu hakatazwi mboga za majani, ila asile dodo leo sahani tatu na kukaa majuma mawili bila. Ale kiasi kilekile siku zote na amwambie daktari anachokula. Jambo hili husahaulika mno tunapohubiriana mboga.

Kuna hatari nyingine ya dodo ambayo mjini hatuitaji. Jani lililo wazi linapokea jua, na linapokea pia vumbi na moshi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulipima udongo na mboga za kando ya barabara za Kampala na kukuta madini ya risasi kwenye majani, na watafiti wakashauri mboga za majani zipandwe mbali na barabara zenye magari mengi, umbali wa mita 30. Petroli ya risasi imekwisha kuondolewa, lakini risasi haiozi, iliyoingia ardhini imebaki ardhini. Nikiwa Kampala huwa namuuliza muuzaji dodo imetoka wapi, na asipojua napita. Kabichi nayo ina yake: viwavi wa nondo wadogo wanaotoboa majani yake humlazimisha mkulima kupiga dawa mara kwa mara, na wengine hupiga hadi siku chache kabla ya kuvuna. Majani ya nje yaoshwe kwa maji yanayotiririka, moja moja.

Dawa ya mashaka haya ni kupanda mwenyewe. Dodo ni mboga ya wiki tatu au nne tangu kumwaga mbegu hadi kuchuma, na ukichuma ncha bila kung’oa, inatoa matawi mapya tena na tena. Kabichi inakaa shambani miezi mitatu hivi, unaikata mara moja, imekwisha. Gunia moja la udongo na samadi lililotobolewa pembeni, lililowekwa mlangoni pa chumba cha kupanga, linalisha dodo ya siku mbili tatu kwa juma. Nimeliona kwa jirani yangu mwenye watoto wanne na mlango mmoja.

Kwenye shule za bweni hesabu inabadilika, na huko ndiko watoto wetu wengi wanakula milo mitatu kwa siku, miezi tisa kwa mwaka. Muhula uliopita nilikwenda katika shule moja ya bweni kumtembelea mwanangu, nikaomba kuingia jikoni. Mpishi mkuu ni mama wa makamo ya mama yangu. Nilimwamkia, nikamweleza haya yote, naye akanisikiliza huku akikoroga posho kwa mwiko mrefu kama kasia. Nilipomaliza akasema, “Mwanangu, nina watoto 600 na wasaidizi watatu. Kabichi inakuja gunia, inakaa juma zima pale pembeni haiozi. Naikata kwa panga. Hiyo dodo yako inaletwa saa ngapi, na nani ataichambua?”

Sikuwa na jibu. Watoto 600, gramu 100 kila mmoja, ni kilo 60 za majani yaliyochambuliwa; kwa vipimo vya fungu langu, ni zaidi ya kilo 100 za dodo na mizizi yake, ifike alfajiri, ichambuliwe, ioshwe na kupikwa kabla ya saa saba mchana. Waliokuwa wanaandika miongozo ya lishe ya shule wangemwita mama huyu mezani.

Nilirudi kwake baada ya siku chache na jambo lingine: sukuma wiki. Watu wengi hawajui kwamba sukuma na kabichi ni mmea mmoja kwa jamii, ndugu wa tumbo moja, tofauti ni kwamba sukuma haikufundishwa kujifunga. Majani yake yako wazi juani. Gramu 100 za majani ya aina hiyo zina kalsiamu miligramu 232 na vitamini A mikrogramu 251. Oksaleti yake ni kidogo, kwa hiyo kalsiamu ile inapokelewa vizuri kuliko ya dodo. Chuma ni kilekile kidogo cha kabichi, 0.5, na hilo nilimwambia pia, lakini chuma chao kiko kwenye maharage na kachumbari itakisaidia. Jani la sukuma ni pana, unayapanga ishirini, unayakunja kama tumbaku, unayakata kwa pamoja. Halichambuliwi jani kwa jani. Mche mmoja ukitunzwa unachumwa miezi mingi, na shule ile ina nusu eka nyuma ya mabweni inayofyekwa tu nyasi.

Aliuliza maji ya kumwagilia yatatoka wapi, nikamwonyesha bomba la mifereji ya paa la bwalo linalomwaga maji bure. Akauliza kama mwalimu mkuu amekubali, nikamwambia tutamwendea pamoja. Akafikiri, akisugua mwiko kwenye ukingo wa sufuria.

“Jumatano, sukuma,” akasema. “Ijumaa, kabichi mbichi na maharage, kama utanipatia beseni kubwa la kuoshea. Siku nyingine niacheni na kabichi yangu ya kuchemsha mpaka niwaone wasaidizi wamezoea.” Kisha akaniita nikiwa nimefika mlangoni. “Na visu. Visu viwili vikali. Panga halikati sukuma.”